Fundo la Mzee Badar

Kigelegele cha jirani Mwanawema kilifika nyumbani kwa Mzee Badar kabla ya wageni wenyewe.

Rawya alikuwa uani, kapiga magoti pembeni mwa jamvi, anageuza karafuu kwa viganja ili upande wa chini nao uone jua. Aliposikia kigelegele, aliacha kugeuza. Alijua ni wageni gani. Alijua pia kwamba hawakuwa wageni wa kupigiwa kigelegele.

"Bi Mwanamize!" Mwanawema aliita, kichwa kimechomoza juu ya ua wa makuti. "Bi Mwanamize weye, toka! Wanakuja kwenu! Watu watatu, sinia, na kawa juu yake! Na bibi mmoja kavaa buibui jipya!"

Bi Mwanamize, bibi yake Rawya, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Miaka sabini na mitano ilikuwa imemkunja mgongo lakini haikumkunja ulimi.

"Sinia gani?"

"Sinia la posa, bibi wee! Lipo jengine? Watu wa Fahd hao, yule wa Maskati anayemtaka Rawya. Kutoka Maskati mpaka Mtambile, ntu hatumi sinia kwa ajili ya kusalimia."

"Alhamdulillahi!" Bibi aliutupa mwiko juu ya jiko. "Rawya! Inuka hapo, unanuka karafuu kama gunia. Kaoge. Vaa lile gauni la Idi. Na babaako umwambie avae kanzu, asipokee wakwe na msuli!"

"Bibi, si watu wa Fahd."

"Weye umejuaje?"

Rawya aliinamia karafuu zake. Hilo ndilo lililokuwa balaa lenyewe. Alikuwa amekatazwa kusema.

Katika Chuo Kikuu cha Mkarafuuni, kule Wete, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuivaa fulana ya kijani ya timu kabla chuo hakijabisha hodi kwao. Iwe riadha, iwe netiboli, iwe mpira wa miguu, desturi ni moja. Nahodha wa timu, mwalimu wa michezo na mlezi wa wasichana hufunga safari mpaka kwa wazee wa mchezaji mpya, bila ya taarifa, na mchezaji mwenyewe hana ruhusa ya kuwatangulia kwa neno, ili jibu la mzazi litoke moyoni, lisiwe la kupikwa. Huchukua jozi ya viatu vya mbio. Mzazi akiridhia, hukamata kamba za viatu vile viwili akazifunga pamoja kwa fundo moja, kwa mkono wake. Fundo hilo haligusi mtu. Mwenye viatu hulifungua mwenyewe, asubuhi ya mbio. Mzazi asipofunga, viatu hurudi chuoni na jina hufutwa.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, Rawya yuko kwao kwa likizo fupi ya mavuno. Jumamosi alfajiri timu ilikuwa ikivuka kwenda Tanga kwenye mashindano ya vyuo. Kati ya wasichana wote wa chuo, Rawya binti Badar ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote katika mita elfu moja na mia tano, na baba yake hakujua hata kwamba anakimbia.

Wala hakujua jambo jengine, ambalo Rawya mwenyewe alikuwa hajalitamka kwa mtu. Jambo hilo lilikuwa na jina, na jina lake lilikuwa Usama.

*

Mzee Badar alikaa kwenye kiti chake barazani kwa kanzu nyeupe na kofia ya kiua, mgongo wima kama mlingoti. Babu yake alikuwa na mashamba yaliyoanzia pale mpaka macho yalipochoka. Yeye alibakiwa na mikarafuu arobaini na heshima, na kati ya hivyo viwili alikuwa tayari kupoteza mikarafuu.

"Asalaam alaykum. Hodi hapa!"

"Waalaykum salaam. Karibuni, karibuni wageni."

Rawya alisimama nyuma ya pazia la mlango, gauni la Idi limembana mabegani, jicho moja kwenye upenyo. Aliingia Mwalimu Jecha, mfupi, mpole, jasho linamtoka. Akafuata Bi Khairat, mlezi wa wanamichezo wa kike, mwanamke mpana mwenye saa ya mbio iliyoning'inia shingoni hata juu ya buibui. Nyuma yao aliingia Usama, sinia mikononi.

Moyo wa Rawya uliruka kamba. Alimzoea akiwa na fulana na vumbi, na leo alikuwa na kanzu. Kanzu ilikuwa fupi kidogo, bila shaka ya kuazima, na vifundo vya miguu vilionekana, miguu ile mikavu iliyolelewa kwenye mchanga wa Vitongoji. Usama hakuinua macho. Lakini alipopita karibu na pazia, pua yake ilicheza, kama mtu aliyesikia harufu anayoijua, na pembe ya mdomo ikapanda. Ilikuwa ni nukta moja tu.

Bi Mwanamize, ambaye alikuwa amejikalia pembeni kwenye mkeka, alimwinamia mwanawe. "Badar, yule kijana ndiye nani? Mpambe?"

"Sijui, mama."

"Maana kama ndiye bwana harusi, basi dunia imekwisha. Tangu lini ntu akaja kujiposea?"

Kahawa ilinywewa. Hali za watu wa Wete ziliulizwa, na hali ya mama yake Rawya, aliyekuwa hukohuko Wete kwa binti yake mkubwa aliyejifungua. Kisha Mwalimu Jecha akakohoa, na Usama akasimama. Ilikuwa desturi hodi ya chuo ibishwe kwa shairi, na kila nahodha atunge lake. Sauti yake ilianza chini, ikapanda.

*Hodi wenye nyumba hii, twabisha twaja kwa wema,*
*Hatuibi, hatutii, doa kwa baba na mama,*
*Akimbie kwa bidii, kwa nidhamu na heshima,*
*Funga fundo letu hili, mwana arudi salama.*

"Mashaallah," Bibi alisema, kichwa kikitikisika. "Kinajua kutunga. Lakini 'akimbie' ya nini tena? Bibi harusi akimbie wapi?"

Usama akafunua kawa.

Kushoto mwa sinia palikuwa na kifuko cha halwa. Katikati, juu ya kitambaa cha kijani, vilikaa viatu viwili vya mbio, vyeupe, kamba zimelala wazi huku na huku.

Nzi alitua juu ya kifuko cha halwa. Kisha Bi Mwanamize:

"Kiatu? Badar, wanatuposea kwa kiatu?"

"Mama, ngoja."

"Tena cha mpira! Hata cha ngozi hawakuona!"

"Bi mkubwa," Bi Khairat alidakia, uso umemwiva kwa haya, "subhanallah, tusameheane. Sisi si watu wa posa. Sisi ni watu wa chuoni."

Akaeleza. Mzee Badar alisikiliza bila kukunja hata kope. Bi Khairat alipokwisha, yeye alikuwa bado anavitazama viatu.

"Kwa hivyo mwanangu anakimbia."

"Naam, mzee wangu."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu, naam. Suruali ndefu, mikono mirefu, na mtandio umefungwa kwa pini nne. Pini nazitia mimi mwenyewe, na mimi, mzee wangu, mume wangu anasema ningeweza kubana hata upepo."

"Na masomo?"

"Anayefeli mtihani hana fulana," alisema Mwalimu Jecha. "Siku atakazokosa akiwa Tanga, walimu watamfidia jioni, kwa ratiba iliyoandikwa. Safarini wasichana wana nyumba yao na Bi Khairat analala mlangoni. Sala hazipiti. Mkimbiaji akiumia, chuo kinamtibu mpaka apone, na nafasi yake ya kulala dakhalia, hapo chuoni, haipotei."

"Yote mmeyapanga vizuri." Mzee Badar aliinua kikombe, akakiweka bila kunywa. "Lakini hamkupanga moja. Sisi nyumba hii, watu walitujua kwa mashamba. Mashamba yakaenda. Wakatujua kwa elimu ya dini. Wazee wakafa. Leo mnataka watujue kwa nini? Kwa miguu ya binti yangu?"

"Mzee wangu..." alianza Usama.

"Wewe nani?"

"Usama Mjaka. Nahodha. Kwetu Vitongoji."

"Baba yako kazi yake nini?"

"Baba ana shamba la mihogo, na maji yakitoka huenda pwani kwa pweza."

"Basi baba yako ana bahati. Hakuna mtu barazani anayemuuliza babu yake alikuwa nani."

Mashavu ya Usama yalibadilika rangi. Rawya aliyajua yale mashavu. Nyuma yake palikuwa na moto ambao uliwahi kumfanya arudie mbio nzima peke yake, jua kali, kwa sababu tu mtu alisema ameshinda kwa kubahatisha. Usama, nakuomba, alisema moyoni. Meza mate. Meza.

"Mzee wangu," Usama alisema, kila neno akilitoa kama anavyotoa mwiba, "babu yangu alikuwa anapanda mikarafuu ya watu. Huenda hata hii yako. Mimi sioni haya kwa hilo, na wewe usione haya kwa miguu ya binti yako. Miguu ile ina heshima kuliko baraza nyingi nilizopita."

"Usama!" Mwalimu Jecha alishituka.

Mzee Badar alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Rawya alivyomkumbuka. "Chukueni viatu vyenu," alisema polepole. "Halwa nitaila, kwa kuwa ni riziki. Viatu chukueni."

Nyuma ya pazia, Rawya aliuma ncha ya mtandio. Alfajiri zote zile na saa ya Bi Khairat, na miezi mitano ya mapafu kuwaka, zilikuwa zinarudishwa ndani ya sinia na kufunikwa kawa.

Hapo ndipo bati lilipolia. Tone moja, halafu kumi, halafu hayakuhesabika.

"Karafuu!" Bibi alipiga kelele. "Karafuu zangu jamani!"

*

Hakuna mtu wa Pemba anayehitaji kuambiwa mara mbili. Msimu wa mavuno, mvua ikianguka juu ya jamvi, hapana mgeni wala mwenyeji, wote ni mikono. Mwalimu Jecha alikunja kanzu mpaka magotini. Bi Khairat alikuwa wa kwanza uani. Rawya alitoka mlango wa nyuma, gauni la Idi na yote, akapita kando ya majamvi ya karibu, kwa kuwa yale yalikuwa na watu. Jamvi lililomuumiza moyo lilikuwa la chini, kule nyuma ya mgomba, karibu hatua mia na hamsini, lenye karafuu zilizokwisha kula jua siku nne.

Alikimbia. Hakufikiri kama anakimbia. Alikunja pembe nne, akalibeba lote begani, akapanda nalo mteremko huku matone yanamchapa uso, na alipofika barazani pumzi yake ilikuwa tulivu kama ya mtu aliyetoka kuchota maji. Baba yake alikuwa amesimama pale na kipande cha turubai mkononi. Alimtazama yeye, akatazama mgomba, akamtazama tena.

Ukumbini Usama naye alikuwa akihangaika kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zote zilikuwa zinaharibu. Alikuwa amekumbatia jamvi moja la karafuu kavu, na kwa kutaka kupata nafasi, alianza kulimimina juu ya lundo la karafuu mbichi zilizochumwa jana, bado nyekundu na zenye maji.

"Weee!" Rawya alimrukia mkono. "Usama, acha! Kavu na mbichi hazilali pamoja, zitavunda zote! Si nilikwambia siku ile?"

"Ulinambia," alisema Usama. Alikuwa amelowa, kanzu ya kuazima imemganda, na kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. "Lakini siku ile nilikuwa nakutazama. Sikuwa nasikiliza."

Rawya alicheka. Ilikuwa ni kosa, lakini alicheka, kicheko cha mtu anayejulikana na anayejua. Macho yao yakakutana juu ya lundo la karafuu, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na mvua, hapakuwa na Tanga, palikuwa na kope zake ndefu zenye tone moja lililokataa kuanguka.

"Siku ile ipi?"

Mzee Badar alikuwa mlangoni.

Mvua ilikuwa inapungua. Ingekuwa heri kama ingezidi, ikazifunika pumzi zao. Bi Khairat aliacha kukung'uta jamvi. Mwalimu Jecha alijifuta uso, kisha akaufuta tena.

"Nimeuliza," alisema Mzee Badar. "Siku ile ipi?"

"Siku ya benchi, Baba," Rawya alijibu. Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilitoka. "Baada ya mazoezi. Aliniuliza karafuu hukaushwaje, kwa kuwa kwao hawana. Nikamweleza. Bi Khairat alikuwa amekaa katikati yetu."

"Kweli, mzee wangu," alisema Bi Khairat. "Nilikuwa katikati. Nakula ubuyu." Aliwatazama vijana wale wawili, mmoja mmoja. "Lakini kumbe nilikula ubuyu kupita kiasi."

Mzee Badar hakucheka. Alimsogelea Usama mpaka palibaki hatua moja.

"Umekuja kwangu na shairi. Humo umesema hamwibi. Sasa niambie, kijana. Umekuja kuomba mbio, au umekuja kumwomba mwanangu?"

 Rawya alijua mtego ulivyokaa. Akisema mbio tu, amemkana mbele ya baba yake. Akisema yote mawili, hodi ya chuo imevunjika, jina linafutwa, na baba hataruhusu hata arudi dakhalia.

Usama alisimama wima. Moto ule mashavuni ulikuwa bado upo, ila sasa ulikuwa umetulia, kama kaa lililokwisha kushika.

"Leo nimetumwa na chuo, mzee wangu. Nimekuja kwa mbio. Hilo lingine sikukuficha kwa kuwa nalionea aibu. Nimelinyamazia kwa kuwa halisemwi na mimi. Mimi nimelelewa. Kwetu, jambo kama hilo huja na wazee, mchana, kwa mlango wa mbele, na mwenyewe hukaa nyumbani tumbo likimuuma. Kwa hivyo leo usiniulize, maana siwezi kusema uongo, na kusema kweli sina idhini."

"Alaa," alinong'ona Bibi kutoka kwenye mkeka.

"Na kama shaka yako ni mimi," Usama aliendelea, "basi Jumamosi mimi nitabaki. Yeye aende. Mwalimu atamtia mwengine mahali pangu."

"Usama, umesema nini?" Mwalimu Jecha alikaribia kulia. "Huu ndio mwaka wako wa mwisho. Mita elfu kumi nani atakimbia, mimi?"

"Mimi nimekimbia miaka mitatu, Mwalimu. Yeye hajakimbia mashindano hata mara moja."

 Rawya alitaka kulia na alitaka kumpiga. Badala yake alisogea mpaka akasimama mbele ya baba yake, maji yanamdondoka kutoka kwenye gauni la Idi.

"Baba, mimi sitaki kwenda kwa mtu mwengine kubaki. Hiyo si ruhusa, hiyo ni adhabu ya mtu mwengine nimepewa mimi nile. Kama huna imani, usiwe na imani na mimi, si na yeye. Nimekimbia miezi mitano, hapana siku nimekosa darasa, hapana siku nimekosa sala, hapana siku jina lako limetajwa vibaya. Wakiniuliza mimi nani, nasema binti Badar wa Mtambile. Siku moja nilishinda mbio za majaribio pale chuoni, wakalipigia makofi jina hilo. Jina lako, Baba. Uwanja mzima. Nilitaka uwepo."

Mzee Badar aligeuza uso kando. Nje, maji yalitiririka kutoka kwenye bati, uzi mmoja mwembamba.

"Lile jamvi la chini," alisema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Ulikwenda na kurudi nalo peke yako."

"Ndio, Baba."

"Mimi nilikuwa natafuta turubai. Nilipolipata, wewe ulikwisha rudi."

"Badar," alisema Bi Mwanamize. Alikuwa amejiinua kutoka kwenye mkeka kwa kushika ukuta. "Mimi nilikuwa na hamu ya sinia kutoka Maskati, sifichi. Lakini hebu nikuulize. Huyo Fahd hupiga simu kila Ijumaa. Huuliza mvua, huuliza karafuu, huuliza goti langu. Mwaka wa pili huu. Ushamsikia akiuliza ntoto anasoma nini?"

"La, mama."

"Na huyu hapa katuharibia karafuu kwa kumtazama. Mimi sisemi kitu. Mimi ni ntu mzima, nasema tu nilichokiona."

 Mzee Badar alirudi barazani, na wote wakamfuata kama kuku, hakuna aliyethubutu kutangulia. Alifunua kawa. Alivitoa viatu, akavipima uzito mkononi kama anayepima dafu, akakaa.

"Utakwenda," alimwambia Usama. "Wote mtakwenda. Mtu anayemwachia mwenziwe nafasi kabla hajaombwa, huyo si mwizi. Lakini ulimi wako ule wa mwanzo, kijana, utautia adabu."

"Nitautia, mzee wangu. Unisamehe."

"Nami nilikutangulia kwa ukali. Tusameheane."

Alizikamata zile kamba. Rawya alikuwa amewahi kuona wazazi wa wenzake wakifunga fundo la kawaida, la haraka, huku wakicheka. Baba yake hakucheka. Vidole vyake, vyenye makovu ya miaka ya kupanda miti, vilipitisha kamba chini, vikaizungusha mara mbili, vikairudisha ndani ya tundu lake. Lilikuwa fundo ambalo wachumaji hufungia tawi la mkarafuu wanapolivuta karibu, lisije likawaponyoka wakiwa juu.

"Hili ukilivuta linakaza," alimwambia bintiye, na kwa mara ya kwanza mchana ule alimtazama machoni. "Ukiwa na pupa hulifungui. Lisukume kwa ndani, taratibu, litaachia lenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Na siku ya mbio, mimi nitakuwa na redio. Watangaze, wasitangaze, nitakuwa nayo."

Alimpa viatu. Rawya alivipokea kwa mikono miwili na kuinama kuubusu mkono wa baba yake, ule mkono unaonuka karafuu mwaka mzima.

Wageni waliinuka. Kwaheri zilisemwa, na Bi Khairat akasukumiwa pakacha la ndizi alilolikataa mara mbili kabla ya kulipokea. Usama alikuwa wa mwisho kuvaa makubadhi, na hapo Mzee Badar akamwita.

"Mjaka, si ndivyo? Baba yako."

"Ndiye, mzee wangu."

"Msalimie. Mwambie mwezi huu mimi sina nafasi, nina mavuno." Akaitengeneza kofia yake iliyokuwa sawa tangu hapo. "Karafuu zikishakauka, baraza yangu iko wazi. Kwa wazee. Wewe ubaki kwenu, tumbo likuume."

 Usama, yule mtunzi wa mashairi, nahodha mwenye ulimi wa moto, aliinamisha kichwa. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa pale na Rawya alikuwa mlangoni, macho yake yalipita kwake. Hayakukaa. Yalipita tu, kama mkono unaopita juu ya maji, na Rawya alihisi mawimbi yake mpaka kwenye nyayo.

Waliposhika njia, jua lilikuwa limetoka tena. Kichwa cha Mwanawema kilichomoza juu ya ua.

"Bi Mwanamize! Vipi? Posa imekubaliwa?"

"Viatu vimekubaliwa," alisema Bibi.

"Viatu? Na mwenye viatu je?"

"Mwenye viatu, subiri karafuu zikauke. Na weye, hicho kigelegele chako kiweke. Usikimalize."

Rawya alivitundika viatu kwenye msumari juu ya kitanda chake, fundo likitazama mlango. Alivua gauni la Idi, akavaa dera la kazi. Tangu utotoni hakuna kazi aliyoichukia kama ile ya uani, na kila mara ilibidi aitwe mara tatu. Leo hakuitwa. Alitoka mwenyewe, akakunjua jamvi la kwanza juu ya ardhi iliyoanza kufuka mvuke, akazimwaga karafuu, akazitandaza nyembamba, moja moja, zisilaliane, zikauke upesi.